Hot Space ya Queen: kisa cha gitaa lililochelewa kuingia

Weka santuri ya Hot Space kwenye mashine, upande wa kwanza, ushushe sindano. Kinachokupokea ni mashine ya ngoma, besi inayotoka kwenye kinanda, kisha mlipuko wa matarumbeta na saksafoni yaliyopangwa na Arif Mardin, bingwa wa muziki wa soul wa Marekani. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, anaingia kwa sauti kavu, ya kukatakata, kama mtu anayeimba huku anacheza. Wimbo unaitwa Staying Power. Unasubiri gitaa la mwenzake, Brian May, lipasue. Zinapita dakika nne na ushei, wimbo unakwisha, na gitaa bado liko mbali nyuma ya pazia.

Ndivyo shabiki wa Queen alivyopokelewa Mei 1982. Bendi aliyoijua ni ile ya roki nzito, ya magitaa yaliyopangwa juu ya magitaa mpaka yakasikika kama okestra. Mbele yake sasa kulikuwa na disko na fanki. Wengi waliirudisha santuri kwenye jalada lake na hawakuitoa tena. The Game, albamu ya kawaida iliyotangulia, ya mwaka 1980, ilishika namba 1 Uingereza na Marekani. Hot Space iliishia namba 4 Uingereza na namba 22 Marekani. Namba 4 kwa bendi nyingine ni sherehe, lakini kwa Queen wa wakati ule, na kwa anguko lile la upande wa Marekani, lilikuwa pigo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Queen walilewa sifa, wakakimbilia disko, wakaadhibiwa. Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka mingi, na naona maelezo hayo yameacha kitu. Disko peke yake haikuiangusha Hot Space. Iliangushwa na jambo dogo zaidi na la kiufundi zaidi: gitaa liliondolewa kwenye kazi yake ya kusema, na nyimbo zikapangwa kwa namna ambayo msikilizaji alikutana na pengo hilo kwanza, kabla hajapewa chochote cha kumtuliza.

Sisi wa Pwani tunapenda kumtaja Mercury. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, baba yake Bomi akiwa keshia wa Mahakama Kuu. Familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Lakini mara nyingi mazungumzo yetu yanaishia Mji Mkongwe, kwenye mlango wa nyumba na picha zilizobandikwa ukutani. Kazi zake tunazipitia juu juu, hasa zile ambazo wengine walishazihukumu. Anastahili asikilizwe hata pale alipotofautiana na mashabiki wake.

Ili kuelewa hasira ya mwaka 1982 lazima kwanza ulielewe gitaa lile. Brian May alianza kulitengeneza mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, yeye na baba yake, Harold, nyumbani. Shingo yake ilichongwa kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani. Springi za kile chuma cha kutikisia sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Alama nyeupe za kwenye shingo ni vifungo vya lulu kutoka kwenye boksi la ushonaji la mama yake. Badala ya kipande cha plastiki, May anapiga nyuzi kwa sarafu ya senti sita za Kiingereza, yenye ukingo wa mikwaruzo, na ndiyo maana kila noti yake inaanza na kakikwaruzo kadogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Hakuna gitaa jingine lenye sauti ile. Kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 70 Queen waliandika kwa kujivunia kwamba humo hakuna sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti za kila aina, kwa sababu watu walikuwa hawaamini kwamba sauti zote zile zinatoka kwenye gitaa moja lililorekodiwa tena na tena. Kwa hiyo, zaidi ya kuwa ala, gitaa la May lilikuwa ahadi kwa msikilizaji, tena ahadi iliyoandikwa na kuchapishwa.

Sinthesaiza ziliingia kwenye The Game, na hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu albamu ile ilizaa kitu kilichowashangaza hata wao wenyewe. John Deacon, mpiga besi, mdogo kuliko wote kwenye bendi na mkimya kuliko wote, alileta wimbo uliojengwa juu ya mstari mmoja wa besi. Alikuwa amekaa karibu na Chic, bendi ya disko ya Marekani, studio, na mvuto wa Bernard Edwards, mpiga besi wao, unausikia waziwazi. Wimbo ni Another One Bites the Dust. Stesheni za redio za Wamarekani weusi ziliupiga mno, na wapo wasikilizaji waliodhani Queen ni bendi ya watu weusi. Michael Jackson aliwashauri wautoe kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake. Ukafika namba 1 Marekani.

Wahenga wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na waliotaka kuisimanga Hot Space waliukuta msemo wao tayari. Lakini Queen hawakutia maji. Walikaza dozi. Another One Bites the Dust ulikuwa wimbo mmoja katikati ya albamu ya roki, ukizungukwa na nyimbo za aina nyingine. Safari hii walitaka upande mzima wa santuri uwe hivyo.

Mahali pa kazi napo palichangia. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa Munich, kwenye studio za Musicland, zilizokuwa chini ya ardhi katika jengo refu la hoteli. Mwanzilishi wa studio hizo ni Giorgio Moroder, mtu aliyeipa disko ya Ulaya sauti yake. Prodyuza alikuwa Mack, Mjerumani aliyefanya nao The Game. Usiku Mercury alikuwa kwenye klabu za Munich, na muziki wa klabu zile ulikuwa mkavu, wenye nafasi nyingi kati ya mdundo na mdundo. Alirudi studio akitaka nafasi hizo hizo. Deacon aliunga mkono. May na mpiga ngoma, Roger Taylor, walikuwa na shaka.

Ugomvi ulijitokeza wazi kwenye Back Chat, wimbo wa Deacon. Yeye ndiye aliyeshika gitaa la rithimu, lile la kuchapachapa nyuzi kifanki, na hakutaka gitaa zito liingie. May ameeleza kwenye mahojiano kwamba aliona wimbo unaozungumzia watu wanaojibizana hauwezi kukosa hasira, na hasira hiyo ingeletwa na gitaa. Mwishowe alipewa nafasi ya solo. Ukiisikiliza leo unasikia mtu aliyeruhusiwa kuzungumza kwa muda mfupi baada ya kusubiri sana: noti zinatoka kwa kujibana, kali, kisha anaondoka. Kwangu hiyo ni moja ya solo zake bora kabisa, na ubora wake unatokana na ule ubishi. Laiti wangebishana hivyo kwenye kila wimbo!

Sasa tuangalie mpangilio, maana hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Upande wa kwanza: Staying Power, Dancer, Back Chat, Body Language, Action This Day. Dancer ni wa May na una gitaa zito, lakini gitaa hilo limefungwa juu ya mdundo wa disko, halijui liende wapi. Body Language karibu hauna gitaa kabisa. Ni besi ya kinanda, pumzi na vidole vinavyopigwa. Action This Day, wa Taylor, unakimbia na mashine ya ngoma iliyokakamaa. Hizo ni dakika 20 hivi ambazo Queen wa zamani hawaonekani.

Geuza santuri. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili, Put Out the Fire, ni roki tupu: May anafoka dhidi ya bunduki kwa gitaa lililofunguliwa mpaka mwisho. Unafuata Life Is Real, piano ya Mercury akimwombolezea John Lennon wa Beatles, aliyeuawa kwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980. Kumbe nyimbo hizo mbili zinazungumza, mmoja unailaani bunduki na mwingine unamlilia aliyekufa kwa bunduki, na hapakuwa na jambo la dhati zaidi kwenye muziki wa miaka ile. Mbele kuna Las Palabras de Amor, ambao May aliwaandikia mashabiki wa Amerika ya Kusini baada ya ziara ya 1981, walipojaza viwanja vya Argentina na Brazil. Kisha Cool Cat, wa Deacon na Mercury, sauti ya Mercury ikiwa juu na laini kama hariri mwanzo hadi mwisho. David Bowie, mwimbaji wa Uingereza, alikuwa ameweka sauti yake humo, akaomba iondolewe dakika za mwisho, ikaondolewa. Halafu, mwisho kabisa, Under Pressure.

Mwisho kabisa! Under Pressure walirekodi na Bowie kwenye studio yao ya Montreux, Uswisi, Julai 1981, ukatoka Oktoba mwaka huo na kushika namba 1 Uingereza. Besi yake ni noti mbili tu: ya kwanza inagongwa tena na tena, ya pili inadondoka chini yake, basi. Wenzake wamesimulia kwamba Deacon aliibuni, wakaenda kula, waliporudi alikuwa ameisahau, ikabidi akumbushwe. Mwaka 1990 besi hiyo hiyo iliibeba rapu ya Vanilla Ice mpaka namba 1 Marekani. Wimbo ambao kila mnunuzi alikuwa tayari anaujua na kuupenda uliwekwa mahali ambapo aliyekata tamaa mapema asingeufikia.

Ukiwa na mgeni nyumbani, kinachotangulia mezani ni kile anachokijua. Vya kumjaribisha vinafuata akishakaa vizuri. Queen walifanya kinyume, na walirudia kosa hilo hilo walipochagua singo ya kuitangaza albamu: Body Language, Aprili 1982. Uingereza ilikwama namba 25. Marekani ilifika namba 11, si haba, lakini video yake yenye miili iliyovuja jasho ilikataliwa na MTV, kituo cha televisheni cha muziki kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja hewani. Mimi ni mtetezi wa albamu hii, lakini Body Language siutetei. Ni wazo zuri la dakika moja na nusu lililovutwa mpaka dakika nne na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Mwishoni mwa 1981 Queen walitoa Greatest Hits, mkusanyiko wa nyimbo zao kubwa mpaka wakati huo. Mkusanyiko huo baadaye ukawa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza. Hebu fikiria: nyumba nzima imetoka kununua muhtasari wa Queen, gitaa juu ya gitaa, kwaya juu ya kwaya, kila mtoto ameukariri. Miezi michache tu baadaye bendi hiyo hiyo inaleta santuri ambayo gitaa limefichwa. Hakuna kipimo kikali zaidi ambacho wangeweza kujipimia.

Marekani kulikuwa na sumu ya ziada. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua rundo la santuri za disko katikati ya mechi mbili. Maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Disko ulikuwa muziki wa watu weusi, wa Walatino na wa mashoga, na chuki ile haikuwa ya muziki peke yake. Mwaka 1980 Mercury alipokata nywele na kufuga masharubu, wapo mashabiki waliomrushia nyembe jukwaani. Yaani albamu haijarekodiwa, na tayari kuna watu wanamwambia mtu mzima anyoe masharubu arudi kuwa yule waliyemzoea. Hot Space ilipofika, hukumu ilikuwa imeshaandikwa, ilibaki kusomwa.

Hata hivyo sikubali kuwatupia Wamarekani lawama yote, kwa sababu kuna ushahidi wa miezi ile ile unaoonyesha kwamba masikio ya watu yalikuwa wazi. Novemba 1982 Michael Jackson alitoa Thriller. Ndani yake kuna Beat It, wimbo wa kuchezeka wenye solo ya Eddie Van Halen, gitaa la roki nzito lisilomwonea mtu haya. Dunia nzima ikaupokea. May amesimulia kwamba Jackson mwenyewe aliitaja Hot Space miongoni mwa vilivyomvutia alipokuwa akitengeneza kazi hiyo. Aprili 1983 Bowie, yule yule wa Under Pressure, alitoa Let's Dance chini ya Nile Rodgers, mpiga gitaa wa Chic, huku gitaa la solo likipigwa na Stevie Ray Vaughan, kijana wa bluzi kutoka Texas. Ikawa mafanikio makubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Besi na ngoma za klabu, juu yake gitaa lenye meno. Queen walikuwa na mpiga gitaa mwenye meno kuliko wote. Wakamwambia asubiri nje.

Na waliijua dawa, kwa sababu walikuwa wakiitumia jukwaani kila usiku. Tarehe 5 Juni 1982, Milton Keynes, Uingereza, onyesho lao lilirekodiwa lote, na mwaka 2004 likatolewa hadharani. Kabla ya Staying Power, Mercury anauambia umati kwamba watapiga nyimbo kadhaa za kifanki, kwamba hilo halina maana kuwa wameipoteza roki, na kwamba hii ni santuri tu, watu wanapandisha hasira za nini. Sauti yake ni ya mtu aliyechoka kujieleza. Deacon ameweka besi chini ameshika gitaa la rithimu, na besi inapigwa kwenye kinanda na Morgan Fisher, waliyemwongeza kwa ziara. Matarumbeta hayapo. Mahali pake amesimama May na ile sarafu yake, na Taylor anapiga ngoma za ngozi kwa mikono yake miwili, kasi imepanda. Wimbo ni ule ule, mashairi yale yale, lakini sasa una damu. Nawaomba wanaoidharau Hot Space wasikilize rekodi mbili za wimbo huo kwa kufuatana, ya studio kisha ya Milton Keynes, halafu waniambie kama tatizo lilikuwa utunzi.

Aliyeshuhudia mabishano ya taarab pale kinanda cha umeme kilipowasukuma nyuma udi na fidla anaijua hali hii. Wazee hawakuchukia kucheza. Walikuwa wakiitafuta sauti fulani mahali ilipozoea kukaa, hawaioni, na hakuna aliyewaeleza imekwenda wapi.

Athari zilikuwa kubwa. Septemba 1982 Queen walimaliza ziara yao ya Marekani, na hawakurudi tena huko kutumbuiza na Mercury. Kule hawakupata tena singo ya kumi bora mpaka mwaka 1992, Mercury akiwa ameshafariki, tarehe 24 Novemba 1991. Baada ya ziara ya Hot Space bendi ilipumzika, kila mmoja akashika lake, na walipokutana tena walikubaliana kurudi kwenye roki. Albamu iliyofuata, The Works, ilitoka Februari 1984, ikapokelewa kama kurejea nyumbani.

Ndani ya The Works kuna I Want to Break Free, na mtunzi wake ni Deacon, yule yule aliyetaka Back Chat upite bila gitaa. Ulifika namba 3 Uingereza, na Afrika Kusini na Amerika ya Kusini watu waliuchukua kama wimbo wa ukombozi. Katikati kuna solo ndefu, inayopanda na kulia, na wengi wanaoisikia huapa kwamba huyo ni Brian May. Siye. Ni Fred Mandel, mpiga kinanda aliyekuwa nao kwenye ziara ya Marekani ya 1982, na ile ni sinthesaiza.